Mtungi wa Kinabalu Unapungukiwa na Ardhi

Nepenthes rajah, mmea mkubwa kuliko jamaa zake wengi walao wadudu, huota Sabah nchini Malaysia, kwenye mlima Kinabalu na jirani yake Tambuyukon. Nje ya milima hiyo miwili haupatikani porini popote duniani. Hugh Low aliukuta mwaka 1858, na mwaka uliofuata Joseph Hooker akaupa jina kwa heshima ya James Brooke, aliyekuwa akitawala Sarawak. Leo umo katika orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka.

Lawama zimezoeleka kutupiwa wachumaji. Ni kweli walichuma: tangu karne ya 19 matajiri wa Ulaya waliutaka kwa mabanda yao ya vioo, na wezi hawakukoma hata baada ya hifadhi ya Kinabalu kuanzishwa mwaka 1964. Lakini CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliuweka katika Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali kuliko vyote, na maabara zikaanza kuzalisha miche kwenye chupa. Anayeutaka siku hizi hununua mche. Biashara, kwa maoni yangu, ndiyo sehemu ya tatizo iliyopata dawa.

Ardhi haikupata. Mgodi wa shaba wa Mamut ulichimbwa ubavuni mwa Kinabalu kuanzia 1975 hadi 1999, katika eneo lililomegwa kutoka hifadhini. Uwanda wa Pinosuk nao ukaenda kwa ng'ombe wa maziwa, mboga na uwanja wa gofu. Hakuna Kiambatisho kinachomzuia mwenye tingatinga.

Mtu anaweza kusema mlima una mita 4,095, na mmea huu unaishi kati ya 1,500 na 2,650 hivi. Joto likizidi, si utapanda? Hautapanda kirahisi. Hukaa juu ya udongo wa miamba yenye nikeli na magnesi nyingi, udongo unaoidhoofisha mimea mingine, nao uko kwa viraka tu. Tena hutaka maji yanayochuruzika daima. Ukame wa El Nino wa 1997 na 1998, ileile iliyotuletea mafuriko Afrika Mashariki, uliua mimea mingi huko.

Tena haujitegemei. Mtungi wake, yaani jani lililogeuka mtego wa wadudu, hulalia ardhi, mwekundu wa zambarau, na mkubwa hufikia sentimita 41 na kuchukua zaidi ya lita mbili za majimaji. Umaarufu wake unatokana na panya waliowahi kuzama humo, jambo la nadra. La kila siku halina fahari: mchana tupaia, mnyama afananaye na kindi, na usiku panya wa mlimani, huja kulamba utamu chini ya kifuniko. Ili aufikie, mlaji hulazimika kukaa juu ya mdomo wa mtungi, na hapo huacha kinyesi. Hiyo ndiyo mbolea, nitrojeni ambayo udongo ule hauna. Msitu wa jirani ukifyekwa, wanyama hao huondoka na mbolea yao.

Kuhesabu mashina tu, basi, kunaweza kudanganya. Kuna mashina ya kiume na ya kike, kila moja peke yake, na hukua polepole. Kiraka kilichobakiwa na madume matupu kitaonekana kizima kwa miaka bila kutoa mbegu hata moja.