Kwa nini nailoni ya kufungia mizigo hugoma kunata? Joto la Kyela linaeleza

Chukua roli mbili za nailoni ya kuvutika zilizotoka kiwanda kimoja, siku moja. Ya kwanza ikae stoo jijini Mbeya kwenye baridi ya mwezi wa saba. Ya pili ishushwe moja kwa moja hadi Kyela.

Baada ya siku chache, ya Kyela inashika vizuri. Ya Mbeya inateleza, na ncha yake inaachia hata kabla mzigo haujapanda gari. Wengi watasema hiyo ni feki. Mara nyingi siyo.

Inanata kwa sababu gani?

Nailoni hii nyembamba ya kuzungushia maboksi na mabegi kwa kawaida ni polithini, na polithini yenyewe hainati sana. Kiwandani huongezwa kiungo cha kunatisha. Kinachotumika sana ni poliisobutilini, kimiminika kizito kama asali, tena kwa asilimia chache tu.

Kiungo hicho hakipakwi juu, huchanganywa ndani ya plastiki. Kwa kuwa hakipatani vizuri na polithini, taratibu husafiri kuja juu. Kikifika ndipo mkono unahisi mnato.

Ndiyo maana roli iliyotoka mashineni leo bado haijaiva. Viwanda vingi huiacha siku mbili tatu mahali penye joto kabla ya kuiuza.

Joto na baridi

Joto huharakisha safari hiyo, baridi huichelewesha. Jiji la Mbeya liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi, na Kyela iko jirani nalo, kwenye joto. Kwa hiyo roli iliyopoa Mbeya ikikaa siku kadhaa Kyela, mnato wake unaweza kupanda wenyewe.

Lakini joto likizidi ni balaa lingine. Roli ikiachwa kwenye kibanda cha bati mchana kutwa, kiungo hutoka kingi na tabaka hugandana. Ukiivuta inapiga kelele, inagoma, kisha inachanika.

Jua, vumbi na maji

Jua ndilo adui mkubwa zaidi. Miale yake hukata minyororo ya polithini, nailoni inakuwa kavu na kukatika ovyo. Viwanda huweza kuongeza kinga ya jua, lakini roli nyingi za kawaida hazina kinga ya kudumu.

Vumbi nalo hung'ang'ania ule mnato na kuumaliza. Maji yakiingia kati ya tabaka, hazishikani vizuri. Vilevile kuna viungo vya kulainisha ambavyo huwekwa ili plastiki iteleze kirahisi. Navyo hupanda juu, na hupunguza mnato.

Kuna jambo lingine linalowachanganya watu: nailoni nyingine hunata upande mmoja tu, kwa makusudi, ili mzigo usigandane na wa jirani. Ikizungushwa kinyume, itaonekana mbovu.

Kakao na mchele

Kyela ni wilaya ya kakao na mchele, tena yenye mvua nyingi, hasa Machi hadi Mei. Nailoni ikiachia njiani au ndani ya boti, gunia linalowa.

Hata hivyo, kufunga kabisa nako kuna hatari. Kinachozuia mvua kuingia huzuia pia mvuke kutoka. Kakao isiyokauka hadi unyevu wa takriban asilimia 7, au mchele wenye zaidi ya asilimia 14, ukifungwa hivyo unaweza kuota ukungu. Mkulima aliyeanika wiki nzima anapoteza bei mnadani kwa sababu ya siku chache ndani ya nailoni.

Cha kufanya

• Hifadhi roli kivulini, ndani ya boksi lake, mbali na bati la moto.
• Tumia kwanza ya zamani.
• Roli iliyotoka kwenye baridi ipe siku mbili tatu kabla ya kuilaumu.
• Jaribu pande zote mbili kwa kidole kabla ya kuzungusha.
• Kausha mazao kwanza, funga baadaye.

Ikiwa baada ya hayo bado inateleza, au inakatika kama karatasi, hapo sasa muuzaji ana la kujibu.