Swali Lililopinda: Mchezo wa Historia kwa Jamaa Nzima

Msomaji mpenzi, leo nataka kukupa mchezo wa kucheza na jamaa yako baada ya chakula cha jioni. Lakini kwanza sina budi kuungama kosa langu, maana mchezo wenyewe umetoka humo.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kutunga maswali ya mashindano ya historia baina ya shule mbili. Ukumbi ulijaa wazazi. Mezani palikuwa na kengele, saa, na zawadi ya madaftari yaliyofungwa kwa utepe. Tulipofika swali la mwisho, shule zote mbili zilikuwa sawa kwa alama. Nikasoma: "Tanzania ilipata uhuru mwaka gani?"

Msichana mmoja wa darasa la saba akapiga kengele, akasimama, akasema, "Samahani, Mwalimu, nchi iliyopata uhuru mwaka 1961 ni Tanganyika. Tanzania ilikuwa bado." Watu wakacheka. Nikaitazama karatasi yangu, nayo ilisema 1961 tu. Nikamwambia kwamba hakujibu swali. Upande wa pili wakapaza sauti, "1961!" wakachukua madaftari.

Usiku ule sikupata usingizi. Msichana alikuwa amesema kweli. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, yakafuata Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Nchi hizo mbili ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na jina la Tanzania likatangazwa mwezi Oktoba mwaka huo huo. Basi mimi niliuliza habari za uhuru wa nchi ambayo mwaka 1961 haikuwako.

Jumatatu nikaenda shuleni kwake kumwomba radhi. Akanionyesha daftari lake. Pale alipokuwa ameandika "Tanganyika, 1961" alikuwa amekwisha kufuta, akaandika "Tanzania, 1961." Akaniambia, "Nilidhani mimi ndiye niliyekosea, Mwalimu."

Waonaje, msomaji? Madaftari hununuliwa dukani. Lakini mtoto akiifuta kweli kwa sababu mtu mzima ameshika karatasi, hasara hiyo utailipa kwa nini?

Basi huu ndio mchezo. Yako maswali matano hapa chini. Matatu yamenyooka, na mawili yamepinda kama lile langu. Wasomee walioko nyumbani, wajibu kwanza, kisha watafute yaliyopinda. Funika majibu kwa mkono, wala usichungulie!

MASWALI

1. Nani aliugundua Mlima Kilimanjaro?

2. Ngome ya Yesu, Mombasa, ilianza kujengwa mwaka gani, na watu wa taifa gani?

3. Vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896 vilichukua dakika ngapi?

4. Livingstone alipokufa mwaka 1873, ni akina nani walioongoza safari ya kuuleta mwili wake mpaka Bagamoyo?

5. Vita vya Majimaji vilianza mwaka gani, na kwa sababu gani?

MAJIBU

La kwanza limepinda. Vitabu vingi vya zamani hujibu: Johannes Rebmann. Huyu alikuwa mmisionari aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, naye aliuona mlima ule tarehe 11 Mei 1848. Lakini Wachaga walikuwa wakilima migomba na kuchimba mifereji ya maji katika miteremko yake zamani sana kabla yake. Mtu hawezi kugundua nyumba ambayo wenyewe wamo ndani wanapika. Alilofanya Rebmann ni kuwapelekea Wazungu habari za theluji iliyo karibu na ikweta, na huko London wako wataalamu waliokataa kabisa kumsadiki. Linyooshe swali hivi: "Ni Mzungu gani aliyeandika mwaka 1848 kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro?"

La pili limenyooka. Ni Wareno, mwaka 1593. Ramani ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Waarabu wa Oman waliizingira ngome hiyo tangu mwaka 1696, wakaiteka mwaka 1698. Mwenye kujibu haya yote mpe alama zaidi.

La tatu limepinda, ingawa lapendwa sana na watunga maswali. Sultani Hamad bin Thuwaini alikufa tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akashika jumba la kifalme bila idhini ya Waingereza. Siku mbili baadaye, yapata saa tatu asubuhi, manowari za Kiingereza zikalipiga jumba kwa mizinga. Vita vilikwisha upesi, lakini kitabu kimoja husema dakika 38, kingine 40, kingine 45, kwa kuwa waandishi hawakubaliani vihesabiwe tangu wapi hata wapi. Mtoto aliyesoma 45 atanyimwa alama na msimamizi aliyesoma 38, na wote wawili wamesoma! Tena, wenye kucheka ufupi wa vita hivyo wakumbuke kwamba upande wa jumba watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Uliza hivi: "Ni vita gani vya Unguja vya mwaka 1896 vilivyokwisha kabla ya saa moja kupita?"

La nne limenyooka. Ni Abdalla Susi na James Chuma. Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Wenzake wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua kwa miguu zaidi ya kilometa 1,500. Walifika Bagamoyo mwezi Februari 1874. Safarini alikuwamo pia Halima, mpishi wake. Alipozikwa London, tarehe 18 Aprili 1874, Susi na Chuma hawakuwapo. Katika wale waliomchukua alikuwapo Jacob Wainwright peke yake. Wengi hujua jina la aliyechukuliwa. Sasa wafundishe wanao majina ya waliochukua.

La tano limenyooka, lakini ligawe mara mbili. Mwaka ni 1905, na hilo lafaa kupigiwa kengele. Bali "kwa sababu gani" halifai kuharakishwa. Mmoja atasema ni kulimishwa pamba kwa nguvu, mwingine kodi, mwingine mijeledi. Wote wamejibu sawa. Vita vilianza katika nchi ya Wamatumbi watu walipong'oa mimea ya pamba, na maji ya Kinjikitile wa Ngarambe yakawaunganisha watu wa makabila mengi. Swali la namna hii mpe kila mmoja nafasi ya kusema, na kengele iwekwe kando.

Sasa, msomaji, huenda kesho nawe utaombwa kutunga maswali ya shule au ya kijiji. Shika mambo matatu. Tazama kama kitu unachokiulizia kilikuwako katika mwaka ule. Tazama kama neno lako, mfano "gundua" au "wa kwanza", haliwanyimi haki wenyeji. Na vitabu vikipingana, usiulize hesabu ambayo wenye vitabu wenyewe hawajaipatanisha. Zaidi ya hayo, mtoto akisimama kusema "Samahani," weka karatasi chini umsikilize mpaka mwisho.

Yule msichana nilimpelekea madaftari yake. Kabla ya kuyapokea alichukua kifutio, akafuta "Tanzania," akaandika tena "Tanganyika." Mashindano yaliyofuata nilimpa maswali yangu yote ayasome kwanza. Alinirudishia mawili.