Usasishaji wa Kompyuta na Simu: Kinga Isiyofaa Kuahirishwa

Kila kompyuta na simu janja huendeshwa na mfumo endeshi. Ndani yake mna kiini, yaani sehemu inayotawala kumbukumbu, mafaili na mawasiliano ya kifaa chote. Kasoro ya programu ya kawaida huweza kuishia katika programu hiyo. Kasoro ya kiini huweza kumpa mhalifu mamlaka juu ya kifaa kizima.

Tukio la mwaka 2017 ladhihirisha uzito wa jambo hili. Tarehe 14 Machi, kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu katika sehemu ya kiini cha Windows inayoshughulikia kugawana mafaili kupitia mtandao. Tarehe 12 Mei, kirusi cha WannaCry kilipita katika tundu hilohilo, kikafunga mafaili na kudai malipo ili yafunguliwe. Nchini Uingereza, maelfu ya miadi ya wagonjwa hospitalini iliahirishwa. Dawa ilikuwapo kwa takriban miezi miwili, ila kompyuta nyingi zilikuwa hazijapewa.

Hivyo, mtengenezaji huandaa sasisho, lakini mwenye kifaa ndiye anayeikamilisha kazi. Wakazi wanashauriwa:

- kupokea masasisho kupitia mipangilio ya kifaa chenyewe, si kwa viungo vinavyotumwa kwa ujumbe;
- kukizima kifaa na kukiwasha tena kinapotaka hivyo, kwani kwa kawaida kiini kipya huanza kazi wakati huo;
- kuhifadhi nakala za nyaraka muhimu mahali pengine.