Chukudu ndogo za watoto na amani ya mtaa



Goma, chukudu kubwa hubeba makaa na viazi. Ile ndogo, ya kuchezea, mtoto anaweza kuichonga na kuiuza. Lakini mtoto mkimbizi akiuza peke yake, wenyeji husema: «Wanatunyang'anya soko.» Basi, waunganisheni wawili wawili: mkimbizi mmoja, mwenyeji mmoja. Panga lishikwe na mkubwa. Franga zihesabiwe mbele ya wazazi wa pande zote mbili, ziandikwe katika daftari, zigawanywe sawasawa. Na kazi ifanywe baada ya masomo: sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kutumikisha watoto kazi mbaya.

Mtoto aliyegawana faida na mwenzake, ni vigumu kumfundisha kumchukia.