Mwendesha Baiskeli Akifika Subuiga

Msafiri wa baiskeli atokaye Moyale kuelekea Cape Town hupita nyika kavu kilomita zipatazo 500 hata afike Isiolo. Hapo mlima humpokea, naye hupanda kwa jasho mpaka njia panda ya Subuiga. Wengi hushika kulia kwenda Nanyuki. Wamekosa! Kushoto ni mteremko mpaka Meru, mji alioanzisha boma lake Bwana E. B. Horne mwaka 1908. Wameru walimwita Kangangi, yaani mzururaji. Basi wageni wa namna hii si wapya kwao. Ofisi ya boma iliyojengwa mwaka 1916 ndiyo Makumbusho ya Meru. Asubuhi, asiyetaka kupanda tena Timau ashike njia ya Chuka na Embu, ingawa mabonde yake nayo hayana huruma.