Usanifu wa Kiolesura Rafiki cha Katalogi ya Maktaba ya Chuo Kikuu kwa Mtafutaji wa Kiswahili

Utangulizi

Katika tasnifu nyingi, sura ya mapitio ya kazi tangulizi huhitimishwa kwa dai kwamba mada inayohusika haijashughulikiwa vya kutosha, na kwamba ipo haja ya kuziba pengo hilo. Dai hili hutegemea, kwa kiasi ambacho watahini hawawezi kukiona, mwenendo wa chombo kimoja: katalogi ya maktaba. Mwanafunzi anapoandika neno katika kisanduku cha kutafutia na kujibiwa kwamba hakuna matokeo, jibu hilo lina tafsiri mbili. Ama maktaba haina maandiko ya namna hiyo, ama inayo lakini katalogi haikulitambua neno alilolitumia. Kiolesura cha kawaida hakimpi njia ya kuzitofautisha tafsiri hizo, naye aghalabu hushika ile ya kwanza. Kwa njia hiyo ukimya wa mashine hugeuka kuwa pengo la utafiti, likaandikwa, likatetewa na likapitishwa.

Makala haya yanaeleza namna kiolesura cha katalogi ya chuo kikuu kinavyoweza kusanifiwa ili kiwe rafiki kwa mtu anayetafuta kwa Kiswahili. Msimamo wake ni kwamba urafiki huo hauanzi na rangi za skrini wala mpangilio wa vitufe. Unaanza pale katalogi inapoubeba yenyewe mzigo wa sarufi na tahajia, badala ya kumtwisha msomaji.

Swali lenye umri mrefu

Charles Ammi Cutter, katika kanuni zake za mwaka 1876, alikwisha kueleza kazi ya katalogi: kumwezesha msomaji kukipata kitabu ambacho anamjua mwandishi wake, au jina lake, au mada yake, na kumwonyesha kile ambacho maktaba inacho. S. R. Ranganathan aliongeza mwaka 1931, katika sheria zake tano, kwamba muda wa msomaji sharti uokolewe. Katalogi za kompyuta zilipoenea ilitarajiwa kwamba malengo haya yangetimia kwa urahisi zaidi. Haikuwa hivyo. Mwaka 1986 Christine Borgman alichapisha makala iliyouliza kwa nini katalogi za kompyuta ni ngumu kutumia, na mwaka 1996 akalirudia swali lilelile, akihoji kwa nini zilikuwa zingali ngumu. Kiini cha hoja yake ni kwamba katalogi hizo zilisanifiwa bila kuzingatia namna watu wanavyotafuta hasa: hudai mtafutaji ajue mapema umbo la jibu, ilhali alichonacho ni swali ambalo bado halijakomaa.

Hoja ya Borgman ilihusu zaidi watumiaji wa Kiingereza. Mtafutaji wa Kiswahili ana tatizo hilo na jingine juu yake, kwa sababu umbo la neno lenyewe hubadilika upande ambao mashine haikuzoeshwa kuutazama.

Neno linalobadilika mbele

Mifumo mingi ya katalogi humruhusu mtafutaji kuandika mwanzo wa neno na kuweka alama ya nyota mwishoni, ili apate maneno yote yanayoanza hivyo. Mbinu hii huwafaa wasemaji wa lugha ambazo wingi na minyambuliko huonekana mwishoni mwa neno. Kwa msingi huohuo, kanuni maarufu za kufupisha maneno ya Kiingereza zilizochapishwa na Martin Porter mwaka 1980 huondoa viambishi tamati tu. Kiswahili huonyesha umoja na wingi wa nomino mwanzoni. Anayeandika ‘shair’ na nyota atapata ‘shairi’, na atakosa ‘mashairi’, ‘ushairi’, ‘mshairi’ na ‘washairi’. Nyota yake imewekwa mahali ambapo hakuna kinachobadilika.

Suluhisho linalojitokeza haraka ni kuiagiza mashine iondoe viambishi awali vya ngeli. Suluhisho hilo halifai likitumiwa peke yake. Ukiondoa ‘ki-’ katika ‘kitabu’ unabaki na ‘tabu’, neno lenye maana yake lenyewe (na ambalo mtafutaji aliyechoka angeona linamstahili). ‘Wakati’ unakuwa ‘kati’, ‘maisha’ yanakuwa ‘isha’, na ‘vita’ inabaki silabi isiyo na maana. Zaidi ya hayo, nomino nyingi zinazotumika sana katika taaluma hazifuati ukataji rahisi: wimbo na nyimbo, waraka na nyaraka, ulimi na ndimi, jino na meno. Mwanafunzi anayetafuta ‘wimbo’ katika maktaba ambayo vitabu vyake karibu vyote vimeitwa ‘nyimbo’ hatasaidiwa na kanuni yoyote ya kukata herufi za mwanzo.

Linalofaa zaidi ni jedwali la jozi za umoja na wingi, linaloundwa kutokana na kamusi na kuunganishwa na faharasa ya katalogi. Kazi kubwa imekwisha kufanywa na wanaleksikografia. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, na kamusi zilizofuata, huonyesha ngeli au wingi wa nomino inazoziorodhesha. Wanakamusi nao walikabiliwa na suala hilihili kabla ya kompyuta. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliweka nomino nyingi zilizotokana na vitenzi chini ya vitenzi vyake, hata ‘mpishi’ akatafutwa chini ya ‘pika’. Kamusi za baadaye zikampa mpishi nafasi yake chini ya herufi M. Kitabu cha karatasi kililazimika kuchagua mlango mmoja. Katalogi ya kompyuta hailazimiki, na ni ajabu kwamba bado inatenda kama iliyolazimishwa.

Hata hivyo, upanuzi wa neno unahitaji mpaka. Umoja na wingi viunganishwe daima, bila mtafutaji kuomba. Minyambuliko, kama vile soma, somo, msomaji na usomaji, isiunganishwe kimyakimya, kwani anayetafuta kitabu kuhusu usomaji atafurikwa na masomo ya kila aina. Ibaki kuwa pendekezo ambalo mtafutaji hulikubali kwa kubofya. Umbo lililoandikwa na mtafutaji litangulie katika mpangilio wa matokeo. Jambo la lazima kuliko yote ni kwamba kiolesura kitamke kilichofanyika: juu ya matokeo kuwe na mstari mfupi, kwa mfano, ‘Imetafutwa pia: nyimbo’, pamoja na njia ya kuuondoa upanuzi huo. Mtafiti anayehesabu matini hawezi kufanya kazi na chombo kinachomwongezea maneno bila kumwambia.

Tahajia nayo inahitaji uangalizi wa aina hiyo. Utungo wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 hutajwa kwa ‘utendi’ na kwa ‘utenzi’, kutegemea kama mhariri amefuata lahaja za kaskazini au Kiswahili sanifu. Vita vya 1905 hadi 1907 huandikwa ‘Maji Maji’ na ‘Majimaji’. Taaluma moja huitwa ‘isimujamii’, ‘isimu jamii’ na ‘isimu-jamii’. Tanzu moja huandikwa ‘tamthilia’ na ‘tamthiliya’. Kidogo zaidi ya hayo, na chenye madhara makubwa zaidi, ni kibainishi cha ‘ng'’. Simu nyingi hukiandika kwa mkato uliopinda, kompyuta nyingi kwa mkato ulionyooka, na watu wengi hawakiandiki kabisa. Kwa jicho la binadamu hizo ni ‘ng'ambo’ zilezile. Kwa faharasa isiyosawazishwa ni maneno matatu tofauti. Usawazishaji wake hufanywa mara moja katika mipangilio ya faharasa.

Yapo pia maneno ambayo hayawezi kutatuliwa kwa jedwali. Katika Kiswahili cha kale ‘chuo’ ni kitabu, na Utendi wa Tambuka, ambao muswada wake unahusishwa na mwaka 1728, hujulikana pia kama Chuo cha Herekali. Mashine haina budi kuliacha neno hilo kama lilivyo, na mkutubi kuongeza jina la pili katika rekodi.

Mada zisizosema Kiswahili

Diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki (1973), na ile ya Euphrase Kezilahabi, Kichomi (1974), hazina neno ‘ushairi’ wala ‘mashairi’ katika majina yake makuu. Anayetafuta ushairi wa Kiswahili wa miaka ya 1970 atazipata kwa kichwa cha mada tu. Maktaba nyingi za vyuo vikuu hutumia vichwa vya mada vya Maktaba ya Bunge la Marekani, ambavyo ni vya Kiingereza, kwa kuwa rekodi zake hupatikana zikiwa tayari. Matokeo yake ni kwamba kitabu cha Kiswahili, kilichoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili, hufichwa nyuma ya lugha nyingine. Hali ni hiyohiyo kwa tasnifu zilizoandikwa kwa Kiswahili iwapo maneno yake muhimu yamejazwa kwa Kiingereza pekee. Mtahiniwa anayefuata ataziruka na kudai kwamba yeye ni wa kwanza.

Hakuna haja ya kuvitupa vichwa vya Kiingereza. Muundo wa rekodi wa MARC unaruhusu, katika uga wa 650, kichwa cha mada kutoka orodha nyingine kuwekwa kando ya kile cha kwanza, mradi chanzo chake kitajwe. Njia nyepesi zaidi ni kuweka istilahi ya Kiswahili katika rekodi ya mamlaka ya kichwa chenyewe, ili vitabu vyote vilivyounganishwa nacho vipatikane kwa pamoja. Ugumu hauko katika teknolojia. Uko katika kukubaliana kuhusu istilahi, na hapo idara za Kiswahili na wakutubi wanapaswa kuketi meza moja, jambo ambalo muundo wa vyuo hauliwezeshi sana.

Majina na matoleo

Kanuni za uorodheshaji humtaka Said Ahmed Mohamed aorodheshwe chini ya Mohamed, lakini Muyaka bin Haji abaki chini ya Muyaka. Zipo sababu za kikutubi za tofauti hiyo, na msomaji hana haja ya kuzijua: sehemu yoyote ya jina, kwa mpangilio wowote, na kwa tahajia yoyote kati ya Mohamed, Mohammed na Muhammad, imfikishe kwa mwandishi mmoja.

Matoleo yanadai jambo jingine. Tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare iliyotoka mwaka 1963 ilirekebishwa na kutolewa upya mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kielelezo cha rekodi kilichochapishwa na IFLA mwaka 1998 hutenganisha kazi, usemi wake katika lugha fulani, toleo na nakala. Kikitumika, skrini itaonyesha kazi mara moja, na chini yake lugha na matoleo, badala ya mistari kumi inayofanana ambayo msomaji hukata tamaa nayo akiwa kwenye wa tatu.

Lugha ya vitufe

Tafsiri ya kiolesura mara nyingi hufanywa neno kwa neno, na mtafsiri asiyeiona skrini yenyewe. Kitenzi ‘azima’ kinatosha kuwa mfano. Katika Kiswahili huweza kumhusu anayetoa na anayepokea, kwa hiyo kichwa ‘Vitabu vilivyoazimwa’ katika akaunti ya msomaji hakielezi kama ni alivyochukua yeye au vilivyochukuliwa na wengine. ‘Vitabu ulivyo navyo’ kinaeleweka bila shaka yoyote. Vivyo hivyo, kitufe cha kuwekewa kitabu kilicho mikononi mwa mwingine kisomeke ‘Niwekewe kikirudi’. Namba ya rafu pekee haitoshi kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. PL 8704 iambatane na jina la ghorofa na la chumba. Na kwa kuwa wengi hutafuta kwa simu, kama nakala ipo au haipo lionekane kabla ya maelezo ya mchapishaji na idadi ya kurasa.

Ukurasa usio na matokeo unastahili usanifu kuliko ukurasa mwingine wowote. Badala ya kutamka ‘Hakuna’, useme neno gani lilitafutwa, katika sehemu ipi ya rekodi, maumbo gani mengine yalijaribiwa, na nini kilicho karibu nalo. Hapo ndipo mtafiti atakapoweza kutofautisha maktaba isiyo na kitabu na katalogi isiyolijua neno.

Kupima kilichosanifiwa

Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 kwamba watumiaji wachache, kama watano, hufichua sehemu kubwa ya kasoro za kiolesura. Gharama basi si kisingizio. Lakini kundi moja halitoshi pale watumiaji wanapotofautiana: wanafunzi wa mwaka wa kwanza wapimwe peke yao, na watahiniwa wa uzamivu peke yao. Kazi wanazopewa zisitaje neno lililomo katika rekodi. Ukimwambia mshiriki atafute Nyimbo za Jadi, umekwisha kumpa jibu. Umwambie anaandaa insha kuhusu kile ambacho wanawake huimba arusini, kisha utazame anaandika nini.

Baada ya kiolesura kuanza kutumika, kipimo cha kudumu ni kumbukumbu ya maneno yaliyokosa matokeo. Orodha hiyo ihifadhiwe bila jina wala namba ya mtafutaji, na mkutubi mmoja aipitie kila mwezi. Neno linalojirudia huingizwa katika jedwali la jozi, au katika vichwa vya mada, au hupelekwa kwa anayehusika na ununuzi wa vitabu, ikibainika kwamba safari hii maktaba kweli hainacho.