Bastola ndogo ya safari: bei ya chini haitoshi

Kule Marekani, mtu anayesafiri kwa pikipiki ao kulala porini anaweza kubeba bastola kama sheria ya jimbo inamruhusu. Wengi wanatafuta ya bei ya chini, yenye kuingia mfukoni. Ruger LCP, iliyotoka mwaka 2008, ni mfano: bila masasi haifiki gramu 300.

Lakini wepesi huo una shida yake. Bastola nyepesi inaruka sana mkononi, na kulenga nayo ni kazi ngumu. Asiye na pesa ya masasi ya mazoezi, heri angojee kwanza. Tena masasi yake ya .380 ni madogo mno kwa dubu. Huko porini watunzaji wa mbuga wanashauri dawa ya pilipili ya kupuliza.

Kwenye pikipiki, hatari ni kuanguka. Silaha ikae ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio, isiwe karibu na uti wa mgongo.

Wakongomani waliohamia kule wajue pia: duka lenye leseni haliuzii bastola mtu asiyetimiza miaka 21, na kibali cha jimbo moja hakikubaliwi kila jimbo.